Kwa Kutetea Kitabu cha Kutisha, Nilimkejeli Baba Yangu Gazetini

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia kuomba msaada, nami nakusihi unisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, ingawa hukumu naistahili. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, kazi yangu ni kupokea barua, kuzipa namba, kuziingiza kwenye majalada na kuyafuatilia majalada hayo yanapohama kutoka meza moja hadi nyingine, na shule nimesoma, si haba, mwalimu wangu wa lugha alikuwa akizisoma insha zangu mbele ya darasa, jambo ambalo leo naliona kuwa ndilo lililoniponza.

Tatizo langu lilianza na kitabu, na kitabu chenyewe bila shaka unakijua, maana gazeti lako limekijadili wiki saba mfululizo katika ukurasa wa barua za wasomaji. Ni kile *Droo ya Nane*, cha yule mwandishi wa vitabu vya kutisha ambaye mashabiki wake wanamwita Fundi wa Hofu, na ambaye vitabu vyake vinauzwa kuliko vya shule. Kwa asiyekisoma, ni hadithi ya mhudumu wa mochwari aitwaye Mzee Barafu, mtu mpole mbele ya wafiwa, lakini wakishaondoka anawang'oa marehemu meno na kuyatunza kwenye kopo, anawavua pete, anawanong'oneza mambo, na mwisho wake sitausema nisije nikamharibia mtu utamu. Nyuma ya kitabu mwandishi ameandika kwamba amekaa na watu wa kazi hiyo na anawajua nje ndani.

Pale masjala tulikuwa watu tisa na kitabu kimoja, kila mtu anakitaka, watu wakaanza kununiana. Basi mkuu wetu, ambaye sote tunamwita Mama Jalada kwa sababu katika miaka kumi na tisa hajapoteza hata karatasi moja, akachukua mkasi akakikata kitabu sura kwa sura, kila sura akaitia kwenye jalada lake na kuipa namba, mbele akaweka karatasi ya mzunguko, na utaratibu ukawa ule ule wa kazi, yaani ukimaliza sura unaandika dokezo lako, unatia sahihi na tarehe, unalipeleka jalada meza inayofuata. Nakuambia, Mshauri, hakuna jalada la serikali lililowahi kutembea kwa kasi ile. Dereva wa ofisi aliandika, "Nimeisoma ndani ya gari nikiwa nimefunga milango yote. Napendekeza iendelee." Mama Jalada akaandika, "Nakubaliana na dereva. Mwandishi huyu hana mfano." Na yule dada anayepokea barua na kuzigonga mhuri, tunayemwita Dada Mhuri, yeye aliandika, "Nimesoma. Sijaogopa, nimekasirika. Tazama ukurasa wa 61, mhudumu anamvua marehemu pete. Mwandishi alimwona nani akifanya hivyo?" Chini yake Mama Jalada akajibu kwa kalamu nyekundu, "Hii ni hadithi. Msomaji ajielekeze kwenye sanaa."

Mjadala haukuishia kwenye majalada, kila mapumziko ya mchana ulikuwa mezani pamoja na chakula. Mama Jalada alikuwa akisema kitabu kizuri ni kile kinachokukamata shingo, na huyu amemkamata mpaka leo hajamwachia.

"Hata mwizi anakukamata shingo, mama," akasema Dada Mhuri. "Hatumwiti fundi."

"Dada, wewe umezoea mhuri tu," dereva akamwambia. "Kwako dunia ni mbili, kimepokelewa au hakikupokelewa."

"Basi hiki hakikupokelewa."

Watu wakacheka, lakini Mama Jalada hakucheka. Alisema, "Mwanangu, sentensi za yule mtu umeziona? 'Baridi ilimlamba kisogo kama ulimi wa ng'ombe.' Niambie nani mwingine anaandika hivyo siku hizi. Mimi nilijikuta napapasa kisogo changu hapa hapa kwenye kiti."

"Sentensi nzuri nazikubali. Hata shoka zuri nalikubali, nauliza tu limemwangukia nani." Kisha akaweka kijiko chini. "Mtoeni yule mzee mle ndani, mbakize droo na baridi. Mtaogopa nini? Hofu ile hakuiumba yeye. Tulikuwa nayo sisi wenyewe juu ya watu wa kazi ile, yeye kaiokota, kaipaka rangi, katurudishia, nasi tunampigia makofi kwa mali yetu wenyewe."

"Aa, sasa unataka mwandishi aombe kibali kwa watu wa mochwari," dereva akasema. "Kesho ataomba kibali hata kwa wachawi."

"Wachawi na waosha maiti kwako ni kundi moja?"

"Dada, mimi mikononi mwa mtu wa kazi ile hata nauli siipokei."

Wakanigeukia mimi, "Karani, wewe msomi, hebu amua," nami nikasema kila upande una hoja zake, maana hivyo ndivyo ninavyosemaga siku zote, nikainamia chakula changu.

Mshauri, baba yangu ni mhudumu wa mochwari. Ni mwaka wake wa ishirini na saba katika kazi hiyo. Ofisini hakuna ajuaye, kwenye fomu yangu ya ajira pale panapoulizwa kazi ya mzazi niliandika "mtumishi wa hospitali", na si uongo, lakini mimi najua kwa nini niliishia hapo. Baba hasemi maiti, anasema wageni. Mgeni mzee akiletwa anamwamkia shikamoo, mtoto anamwambia pole mwanangu, kisha ndipo anamgusa. Anawachana nywele kabla ndugu zao hawajaingia, kwa sababu anasema mtu wa mwisho kumwona mtu asimkumbuke na nywele timtim. Pale mlangoni kwake kuna kiti cha mbao alichokileta mwenyewe, cha mfiwa ambaye miguu itamwishia nguvu, na kila asubuhi anakipangusa kwanza kabla hajafungua ndani. Mama yangu alipofariki, wenzake walimwambia mzee leo kaa pembeni, tutafanya sisi, akakataa, akaingia naye mwenyewe, na nilipoitwa kumwona mama alikuwa amesukwa nywele ile mistari minne aliyoipenda, na sikujua mpaka siku ile kwamba baba anajua kusuka.

Sasa ona hasira yangu. Mtu aliyekaa mezani kwake na kalamu anaandika kwamba anawajua watu hawa nje ndani, na nchi nzima inamwamini, na jirani yetu ambaye alikuwa akimpa baba mkono kila siku sasa anampungia kutoka ng'ambo ya barabara, na watoto mtaani wameanza kumwita Mzee Barafu. Hajakaa nao hata saa moja yule. Angekaa angejua hata habari ya kiti.

Lakini ungamo langu halisi liko hapa, na mkono unaniuma kuliandika. Kitabu kile nilikisoma chote, sura zote kumi na nane, zamu yangu ikichelewa nilikuwa naenda kulitafuta jalada kwenye meza za watu, na kilinitisha. Mimi niliyelelewa na mtu yule, mimi ninayejua ukweli, nilianza kuogopa kuingia stoo ya majalada ya zamani peke yangu mchana kweupe, na siku moja baba akaninyooshea kikombe cha chai kama anavyoninyooshea tangu utoto, mikono yake safi kuliko ya mtu yeyote ninayemjua, kucha zimekatwa, inanukia sabuni, nami nikaitazama ile mikono nikashindwa kunyoosha wangu. Nikasema, "Weka tu mezani, baba." Akakiweka. Tangu siku ile anakiweka kikombe mezani, anarudi nyuma hatua moja, ndipo ananiita.

Wiki tatu zilizopita ikatoka barua katika gazeti lako, fupi, yenye sahihi "Mhudumu". Niliisoma ofisini nikiwa nimesimama. Iliandikwa hivi: "Kazi iliyoandikwa katika kitabu hicho ndiyo kazi yangu. Sijang'oa mtu jino. Wageni wangu huwasalimia wakifika na huwachana nywele kabla ndugu zao hawajaja. Mwandishi anasema amekaa nasi, labda nilikuwa likizo. Kama anataka kuona, mlango naufungua saa mbili asubuhi. Aje." Mshauri, sikuhitaji jina. Hakuna mtu mwingine anayesema wageni wangu.

Mama Jalada aliikasirikia sana barua ile, akaona ni watu wasiojua sanaa wanataka kumziba mwandishi mdomo, akasema masjala lazima ijibu, na mwenye kalamu ni karani. Nilijaribu kusema nina kazi nyingi, akaniambia, "Mwanangu, kazi nakupunguzia. Nataka jibu la kumnyamazisha." Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema yule ni baba yangu, maneno manne tu hayo. Nilikaa, nikaandika. Na ubaya ni kwamba niliandika vizuri. Niliandika kuhusu uhuru wa msanii, kuhusu hofu kuwa mwalimu wa binadamu, na kwa kuwa Mama Jalada alikuwa amesimama nyuma yangu akitaka jambo lenye kuuma, nikaandika sentensi hii: "Mtu anayesalimiana na wafu asishangae walio hai wakimkimbia." Walipiga makofi. Dereva aliikariri, mpaka leo akiingia asubuhi anaisema mlangoni. Tuliitia sahihi "Wasomaji wa Masjala" na jina la ofisi yetu, nanyi mkaichapa.

Dada Mhuri peke yake hakutia sahihi. Aliniambia tu, "Karani, umeandika kama mtu anayemjua huyo unayempiga."

Baba gazeti humfikia saa kumi jioni, mlinzi wa getini pale hospitali akishalimaliza, na huja nalo nyumbani amelikunja kwapani. Siku ile alivaa miwani, akaisoma barua yetu yote kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma kila kitu, mimi nikiwa nakula mbele yake. Alipofika kwenye sentensi ile akairudia. Kisha akasema, "Huyu amesoma shule." Akauliza, "Hii si ofisi yenu? Nani kaandika?"

Nikasema ni Dada Mhuri.

Sijui lilitokaje. Lilitoka lenyewe. Baba akakunja gazeti akasema, "Ana kalamu nzuri huyo binti. Anaogopa tu. Jumatatu ijayo sina zamu, nitakuja niongee naye, nimweleze kwa upole, mtu mwenye akili hivyo ataelewa." Nikamwambia baba, ofisini wageni ni shida, kuna utaratibu. Akasema, "Utaratibu naujua. Nitakaa nje mpaka niitwe." Juzi amefua lile koti lake la sherehe na kulianika.

Kwa hiyo Jumatatu baba yangu ataingia masjala amevaa koti, atajitambulisha na kutaja kazi yake mbele ya dereva na Mama Jalada, atamwendea mtu pekee katika ofisi nzima aliyemtetea, na atamsamehe kwa maneno niliyoyaandika mimi. Silali, sili, kila mlango ukilia nashtuka. Nimefikiria kumwomba Dada Mhuri achukue likizo siku hiyo, nimefikiria kumwambia baba kwamba ofisi imehama, nimefikiria hata kuomba uhamisho. Nisaidie, Mshauri, nifanye nini, na tafadhali nijibu mapema.

Ni mimi,
Karani mwenye hofu

*Mshauri anajibu:*

Kijana wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilikuwa natafuta mahali uliponiomba nisiichape, sikupaona. Umeeleza ofisi, mkasi, majalada, dereva, mpaka kalamu nyekundu, ukaniambia na saa ambayo gazeti humfikia baba yako. Mtu anayetaka kujificha haandiki hivyo. Ulitaka mimi nimwambie kwa niaba yako. Kwanza ulimpa Mama Jalada kalamu yako, kisha ukampa Dada Mhuri kosa lako, sasa unanipa mimi mdomo wako. Siupokei. Nimeichapa barua, ndiyo, lakini kusema utasema mwenyewe, na muda wako nimeupima, nitakueleza.

Tuanze na kitabu, maana najua wapo watakaosema mshauri anapiga vita fasihi. Nimekisoma. Yule mwandishi ana kipaji, na Mama Jalada hakukosea kupapasa kisogo. Kutisha watu si dhambi, tangu utoto wetu tumetishwa na hadithi na tukaomba tena. Lakini mwenye kipaji cha kuumba zimwi kutoka hewani, akaona uvivu, akamkamata mtu aliyeko kazini kwake na kumvalisha pembe, huyo ametumia kipaji vibaya, na akiongeza kwamba anamjua nje ndani ilhali hajui hata kama kuna kiti mlangoni, huyo amesema uongo. Dada Mhuri alilimaliza suala hili pale pale kwenye meza ya chakula. Barua saba za wasomi zilizotufikia hapa hazikufika alipofika yeye.

Ila mwandishi hamjui baba yako. Wewe unamjua. Ndiyo maana hasira yako juu yake, ingawa ni ya haki, nakuomba uiweke pembeni leo, kwa sababu naona umejificha nyuma yake. Yeye aliandika juu ya Mzee Barafu, mtu wa kubuni. Sentensi ya anayesalimiana na wafu kukimbiwa na walio hai uliiandika wewe, ukijua nywele za mama yako zilisukwa na nani. Usiniambie Mama Jalada alisimama nyuma yako. Nyuma yako alisimama mama mmoja mwenye kalamu nyekundu na mkasi, si simba. Kijana unaogopa stoo, unaogopa mlango, unaogopa fomu, unaogopa mkuu wa kazi, na katika hofu zako zote umemchagua wa kumuumiza yule mmoja ambaye hakuwahi kukutisha. Nimekasirika, na sitaki kukuficha.

Nikishakasirika nakwambia pia hili. Kuiogopa mikono ile baada ya kusoma kitabu si uovu, ni udhaifu wa binadamu, na baba yako anaujua kuliko mimi na wewe, kwani kwa miaka ishirini na saba amewaona watu wakisita kumpa mkono. Hakukununia. Alirudi nyuma hatua moja ili wewe upate nafasi. Hata hilo hukulielewa. Labda ulidhani amekasirika, kumbe alikuwa anakufanyia wewe kile anachowafanyia wafiwa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sasa fanya hivi.

Gazeti hili linafika masjala kwenu Ijumaa asubuhi. Baba yako atalipata saa kumi. Masjala inayokata kitabu kwa mkasi na kukipa namba za majalada ni moja tu nchi nzima, kwa hiyo wakati unasoma mstari huu wenzako nao wanausoma. Inua uso. Dereva ameshanyamaza. Usikimbilie stoo.

Simama uende meza ya Dada Mhuri, umwombe radhi kwa sauti inayosikika, si kwa kunong'ona pembeni. Mwambie ulimsingizia na kwa nani. Akikufokea, pokea. Akikaa kimya, pokea vilevile. Kisha lichukue jalada la ile barua ya masjala, kwa kuwa namjua Mama Jalada bila kumwona, najua nakala imehifadhiwa, na uandike dokezo la mwisho: barua hii niliiandika mimi, ninaiondoa, mtu ninayemsema humu ni baba yangu. Jina lako kamili, sahihi, tarehe. Kwenye kazi yenu, jambo lisilo na sahihi halijatokea, kwa hiyo litie sahihi litokee. Na ile fomu yako ya ajira iombe pia, uandike kazi ya mzazi kama ilivyo.

Mama Jalada, na wewe najua uko hapa. Hujapoteza karatasi miaka kumi na tisa, hongera, lakini safari hii ulipoteza mtu, naye alikuwa mezani kwako anakula. Mpe ruhusa ya kutoka mchana huu. Usimwombe ajaze fomu.

Kwa maana, kijana, humsubiri baba yako nyumbani, na wala humsubiri Jumatatu. Baba yako alimwalika mwandishi aje aone, na mwandishi hakwenda. Utakwenda wewe. Katika barua yako nzima umenieleza mlango ule, kiti kile, mpaka saa ya kufungua, lakini hukuniambia kwamba umewahi kufika pale siku yoyote isipokuwa ile uliyoitwa kumwona mama. Nenda leo kabla ya saa kumi. Kaa kwenye kiti cha mbao, usubiri amalize na wageni wake, akitoka mwamkie kama yeye anavyowaamkia, kisha mwambie yote kwa mpangilio huu: sentensi ile ni yangu, Dada Mhuri nilimsingizia, kikombe nilikiogopa. Usianze na mwandishi. Usieleze habari za uhuru wa msanii. Usilie kabla hujamaliza, kwa sababu ukilia yeye ataanza kukuhudumia wewe, ndiyo kazi yake, nawe utakuwa umeponyoka tena.

Jumatatu mwache aje. Koti limeshafuliwa. Wewe ndiye utakayempokea getini, umpitishe mlango wa mbele, useme mbele ya wote, "Huyu ni baba yangu," na utaje kazi yake. Kisha umpeleke kwa Dada Mhuri, ampe mkono mtu aliyemtetea bila kumjua. Wale wengine wakitaka kumpa mkono watajipanga. Asiyetaka, shauri yake. Na barua ya pili ukitaka kutuandikia juu ya kitabu kile, iandike, kalamu unayo, tutaichapa ukurasa wa mbele wa wasomaji, ila chini yake tunataka jina.

Na wewe, mzee wangu, Mhudumu. Ikiwa saa kumi imefika, mlinzi amekuletea gazeti na umesoma mpaka hapa, na kijana bado hajaonekana, usikasirike nami, wala usiende kumtafuta. Likunje gazeti, osha mikono yako, kipanguse kile kiti kwa mara ya pili leo. Unaye mgeni. Huyu yuko hai, anaogopa, na anakuja kwa miguu yake mwenyewe. Mnyooshee mkono, usirudi nyuma. Safari hii mwache yeye aikamilishe ile hatua.